Nitajuaje mchakato umesubiri kufuli kwa muda gani? PostgreSQL, tarehe za mshahara

#1 Mhunzi wa Data
Wakuu, habari za jioni.

Nina mfumo wa SACCOS, PostgreSQL 13, programu yenyewe ni Django (mfumo wa kuundia programu kwa Python). Siku za kawaida hauna shida. Zikifika tarehe za mshahara, makato yanaingia kwa mkupuo, wanachama wengine nao wanarejesha mikopo kwa simu, basi kweri (amri kwa hifadhidata) ya kusasisha mstari mmoja tu inakaa sekunde 30 mpaka 40. Kweri hiyohiyo nikiiendesha usiku inamaliza kabla sijapepesa jicho.

Kwenye pg_stat_activity (orodha ya michakato na inachofanya) naona wait_event_type imeandikwa Lock. Sawa, nimeelewa wanasubiri kufuli, yaani mwingine ameshika data wanayoitaka. Swali langu ni TANGU LINI? query_start inasema kweri ilianza saa ngapi, lakini hainitenganishii muda wa kusubiri na muda wa kufanya kazi. Bosi anataka namba na mimi sitaki kumpelekea ya kubuni. Nyie mnapimaje?

#2 kijana_wa_terminal
Natia kambi hapa.

#3 Mzee wa Seva
Kwenye 13 hakuna mahali pa kuisoma namba hiyo moja kwa moja. Toleo la 14, lililotoka 2021, ndilo liliongeza kolamu ya waitstart kwenye pg_locks, orodha ya makufuli. Inakupa saa ambayo mchakato ulianza kusubiri kufuli hilo. Ukipandisha toleo, kweri ni hii:

```
select pid, locktype, mode,
       now() - waitstart as kasubiri,
       pg_blocking_pids(pid) as wanaomzuia
from pg_locks
where not granted
order by waitstart;
```

Aliyesubiri kuliko wote anakaa juu. Na msilalamike sana, vijana. Kabla ya 9.6 hata wait_event haikuwepo, tulikuwa na kolamu moja ya waiting, ndiyo au hapana, basi. Anayezuia ulimtafuta mwenyewe kwa kuunganisha pg_locks na pg_locks mpaka macho yaume.

#4 Dada Indeksi
Shikamoo Mzee wa Seva. Naongezea mawili.

waitstart inaweza kuwa NULL kwa kitambo kidogo baada ya mchakato kuanza kusubiri, wakati granted tayari ni false. Nyaraka zenyewe zinasema hivyo. Anayeandika hati ya kufuatilia aliweke hilo akilini.

Halafu hiyo now() ina mtego. now() ni saa ambayo muamala WAKO (kundi la kauli zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) ulianza, haitembei. Mtu akizima autocommit (kila kauli kujikomiti yenyewe) kwenye DBeaver, akaiendesha kweri hiyo tena na tena ndani ya muamala mmoja, atamwona mtu kasubiri sekunde 4, tena 4, tena 4. Aliyeanza kusubiri baadaye ndiyo atatoka na muda hasi kabisa. Weka clock_timestamp().

#5 Mzee wa Seva
Marahaba. Nilijua utakuja tu, nikiandika kweri wewe hulali. clock_timestamp() ni sahihi, Mhunzi badilisha.

#6 Kunguru wa Posta
Mbona mnampeleka toleo la 14 wakati yuko 13 na mshahara ni wiki ijayo? Awashe log_lock_waits. Huhitaji hata kuzima seva:

```
alter system set log_lock_waits = on;
select pg_reload_conf();
```

Kuanzia hapo kila anayesubiri sana anaandikwa kwenye logi: kwanza kwamba bado anasubiri, na chini yake nani ameshika kufuli na nani wamepanga foleni. Akilipata unaandikwa mstari mwingine kwamba amelipata baada ya milisekunde kadhaa. Hiyo ndiyo namba ya bosi. Jumlisha, mpelekee, nenda kanywe chai.

#7 Dada Indeksi
> Kunguru wa Posta kasema: Jumlisha, mpelekee

Taratibu na hiyo jumla. Logi inaandika pale tu kikaguzi cha dedloki (michakato inayozuiana kwa mduara) kinapoamka, na kinaamka baada ya deadlock_timeout, ambayo ni sekunde 1 kama hujaigusa. Waliosubiri milisekunde 900 hawaonekani. Ukiwa nao elfu kumi, kwenye logi yako ni kama hawakuzaliwa.

Na kuna waliokata tamaa. Kama umeweka lock_timeout au statement_timeout, mchakato unakatishwa kabla haujapata kufuli, kwa hiyo ule mstari wa "amelipata" hautoki kamwe, unabaki ujumbe wa kosa tu. Ukijumlisha mistari ya waliopata, wale walioteseka mpaka wakafukuzwa hawamo kwenye hesabu.

#8 Kunguru wa Posta
Si ashushe deadlock_timeout iwe milisekunde 100? Shida iko wapi?

#9 Mzee wa Seva
Shida ni kwamba si mpangilio wa logi huo. Unaamua pia mchakato usubiri muda gani kabla ya kufanyiwa ukaguzi wa dedloki, na ukaguzi huo si wa bure, hasa saa ya msongamano ambapo wanaosubiri ni wengi. Milisekunde 200 kwa siku moja ya uchunguzi, poa. Usiiache hapo ukasahau.

#10 msee_wa_backend
Niaje wakubwa, natoka Nairobi. Sisi hatukungoja toleo jipya. Tuliweka kascript kanasoma pg_stat_activity kila sekunde na kuandika kwenye jedwali pid (namba ya mchakato), wait_event_type, wait_event na pg_blocking_pids. Pid ikionekana imesubiri mara 12 mfululizo, tunahesabu kama sekunde 12. Si saa ya mkononi lakini inakupa picha, na iko sawa hata kwa 9.6.

#11 Dada Indeksi
Kaka, hiyo inafaa kwa masharti mawili. Kascript kasikae ndani ya muamala mmoja mrefu, maana pg_stat_activity ukiisoma mara ya kwanza inabaki vilevile mpaka muamala uishe, utakuwa unapiga picha ya picha. Na pg_blocking_pids usiiite kwa kila mchakato kila sekunde. Inashika kwa muda mfupi hifadhi ya pamoja ya msimamizi wa makufuli, na nyaraka zinatahadharisha kuhusu kuiita mara kwa mara. Iite kwa wale tu ambao wait_event_type yao ni Lock.

#12 msee_wa_backend
Noted madam. Autocommit tulikuwa nayo, hiyo ya pili ndiyo naenda kurekebisha saa hii.

#13 Mwana wa Ngalawa
Ndugu zangu, naona mnapima homa bila kumtazama mgonjwa. Mhunzi, hukusema kama kuna mtu anafanya mabadiliko ya muundo wa jedwali mchana. Nimeona hivi kwa macho yangu: ripoti ndefu inasoma jedwali la malipo, haina ubaya wowote. Anakuja mtu na ALTER TABLE, anataka ACCESS EXCLUSIVE (kufuli linalomzuia kila mtu mwingine), hapewi kwa sababu ya ripoti, anapanga foleni. Baada yake kila SELECT inayogusa jedwali hilo inasimama NYUMA YAKE, ingawa SELECT na ile ripoti hazigombani hata kidogo. Ni kama msafara wa kiongozi: wenyewe bado uko mbali, lakini trafiki ameshasimamisha magari yote.

Hapo ukiuliza nani kasubiri muda gani utapata namba kubwa za watu mia, na wote wanaoneana kidole. Kosa ni la mmoja ambaye hakuweka lock_timeout ya sekunde 2 kabla ya ALTER yake.

#14 Kunguru wa Posta
Umenikumbusha Barabara ya Bagamoyo jioni. Nilikaa pale mpaka uji wa mtoto ukapoa kwenye chupa ya chai.

#15 kijana_wa_terminal
Mkuu Kunguru uji tena 😂 turudi kwenye mada

#16 Mhunzi wa Data
Asanteni wote. Nimewasha log_lock_waits juzi, jana makato ya taasisi moja yameingia. Nilichokiona:

Mistari mingi ni ya ShareLock kwenye transaction. Hakuna hata mmoja wa AccessExclusiveLock, kwa hiyo Mwana wa Ngalawa, msafara haukupita kwangu. Muktadha unasema walikuwa wanasasisha mstari kwenye jedwali la akaunti za tawi. Waliopata kufuli wamesubiri milisekunde 31,000 na kitu, wengine 33,000, mmoja 38,214.

Kuna kitu sikielewi. Michakato mingine imeandikwa inasubiri ExclusiveLock kwenye tuple. Hiyo ni nini tena? Na pid ileile inaonekana imepata ya tuple, kisha sekunde moja baadaye inaandikwa inasubiri transaction.

#17 Mzee wa Seva
Hapo umegusa pazuri, ngoja nikae vizuri.

Kufuli la mstari kwenye PostgreSQL halikai kwenye pg_locks. Linaandikwa kwenye mstari wenyewe, ndani ya jedwali, kwa namba ya muamala ulioushika. Anayekuja kuutaka mstari huo hana la kufanya ila kusubiri muamala ule uishe, ndiyo maana unaona ShareLock kwenye transaction.

Sasa wakiwa ishirini wanautaka mstari huohuo, lazima kuwe na utaratibu wa nani anafuata. Wa kwanza anashika kufuli la tuple, yaani "mimi ndiye nafuata", kisha anasubiri muamala. Wengine kumi na tisa wanasubiri ile tuple. Aliye mbele akipita, mmoja wao anapata tuple, halafu anaanza KUSUBIRI UPYA, safari hii muamala.

Kwa hiyo mtu mmoja, kweri moja, amesubiri mara mbili. Kila kungoja kuna mstari wake wa logi na milisekunde zake. Hata ukihamia 14, waitstart itakupa mwanzo wa kungoja anakongoja sasa hivi, si jumla ya alikotoka. Ukimwona na sekunde 2, huenda ameshakaa 30 kwenye tuple kabla ya hapo.

#18 Dada Indeksi
Nimesoma #17 kwa kutikisa kichwa. Naongeza tu kwamba pg_stat_statements, yenye takwimu za kila kweri, nayo haisaidii kutenganisha. total_exec_time inabeba kusubiri na kufanya kazi ndani ya kikapu kimoja, na auto_explain, inayoandika mpango wa kweri ndefu kwenye logi, ni vilevile: utaona nodi ya Update imekula sekunde 31 ukadhani diski imekufa.

#19 Fundi Diski
Nani kaitaja diski? Mimi nasema diski ndiyo. Mnakimbilia kufuli kwa sababu mnaliona. Muamala unaoshika kufuli unaliachia baada ya kukomiti, na kukomiti kunangoja WAL (kumbukumbu ya mabadiliko) iandikwe kwenye diski. Fsync (kuhakikisha data imefika diskini) ikiwa nzito, kila mwenye kufuli analishika zaidi, foleni inarefuka. Mhunzi, seva iko wapi, mashine ya kukodi yenye diski ya mtandao?

#20 Mhunzi wa Data
Fundi Diski, ni ya kukodi, ndiyo. Ila fsync ya sekunde 31?

#21 Fundi Diski
Sijasema fsync moja. Akaunti ya tawi ni mstari MMOJA, sivyo? Kila malipo yanausasisha. Malipo mia tatu yakija kwa pamoja yanapita mmojammoja kama tundu la sindano. Kila moja milisekunde 100, wa mwisho anangoja sekunde 30. Hesabu hizo hapo.

#22 Mwana wa Ngalawa
Hesabu nzuri, lakini angekuwa na mteremko: mmoja sekunde 2, mwingine 9, mwingine 17. Yeye anasema 31, 33, 38. Wamelundikana juu ya 30. Hiyo si foleni inayosogea pole pole, hiyo ni foleni ambayo mtu wa mbele amekaa nusu dakika kisha wote wamepita haraka. Kitu gani kwenye mfumo wako kina ukomo wa sekunde 30?

#23 msee_wa_backend
SMS! Buda, niambie hutumi SMS ndani ya transaction.

#24 Mhunzi wa Data
…Mfumo nimeurithi. ATOMIC_REQUESTS imewashwa. Na ndiyo, baada ya kusasisha salio kuna wito wa kutuma SMS kwa mwanachama, uko kwenye ombi hilohilo. Ukomo wake kwenye mpangilio ni sekunde 30.

#25 kijana_wa_terminal
GOLIIII ⚽

#26 msee_wa_backend
Ndiyo hiyo. ATOMIC_REQUESTS inafunga ombi zima ndani ya muamala mmoja. Gateway ya SMS ikilala, muamala uko wazi, mstari wa tawi umeshikwa, PostgreSQL inangoja Python na Python inangoja mtandao. Kwenye pg_stat_activity huyo anaonekana "idle in transaction", na state_change inakuambia tangu lini. Peleka SMS kwa transaction.on_commit au kwa foleni ya nje.

#27 Dada Indeksi
Msishangilie mapema. #24 inaeleza 31, labda 33. Ya 38 je? Na logi inatoa pid ya aliyeshika kufuli. Mhunzi hajatuambia kama pid hizo ni za maombi ya malipo au za kitu kingine. Kazi ya makato ya mkupuo nayo inagusa mstari uleule wa tawi, na yenyewe pengine ni muamala mmoja mrefu kuliko huo wa SMS.

Jambo jingine: hapo mnatumia select_for_update() kwenye mwanachama? Ile inatoa FOR UPDATE, na FOR UPDATE inagombana na FOR KEY SHARE ambayo kila INSERT ya malipo inachukua kwa ajili ya foreign key (kiungo cha malipo na mwanachama wake). Tangu 9.3 UPDATE ya kawaida ya kolamu isiyo ufunguo haizuii INSERT hizo, lakini FOR UPDATE ya wazi inazuia. Django 3.2 ilileta no_key=True kwa sababu hiyo hasa.

#28 Mhunzi wa Data
select_for_update() imejaa kila kona, dada. Django ni 2.2.

#29 Dada Indeksi
Basi una magonjwa mawili yanayofanana dalili. Pole.

#30 Kunguru wa Posta
Weka idle_in_transaction_session_timeout sekunde 10 ulale. Anayelala na kufuli anakatwa.

#31 Mzee wa Seva
Akikatwa, muamala unarudi nyuma. Malipo yameshapokelewa na kampuni ya simu, salio halijasasishwa, na SMS ya "umelipa" pengine imeshaenda. Kunguru, wewe ndiye utakayekaa kaunta kumweleza mwanachama?

#32 Kunguru wa Posta
Mimi niko Posta, kaunta ni yenu 😅 Lakini walau akatwe yule wa kwenye psql aliyesahau BEGIN wazi akaenda kula.

#33 Mzee wa Seva
Huyo hata mimi namkata. Na kumbuka kwa huyo pg_cancel_backend haifanyi kitu, hana kweri inayoendeshwa ya kukatisha. Ni pg_terminate_backend.

#34 Bi Oracle
Jamani nawaonea huruma. Kwetu v$session ina blocking_session na seconds_in_wait miaka nenda rudi, na tukio lenyewe linajieleza, enq: TX - row lock contention. Historia iko v$active_session_history.

#35 Fundi Diski
Bi Oracle, hiyo ya mwisho ina leseni yake ya kulipia, usiwafiche vijana.

#36 Bi Oracle
Sijaficha, sikuulizwa bei.

#37 mtaalamu_wa_shamba
Samahani kuingilia uzi wa watu. Nina MySQL 8, najua kuna ujumbe wa kosa 1205 baada ya sekunde 50. Kuna njia ya kujua kabla ya hizo 50?

#38 Dada Indeksi
Ipo. sys.innodb_lock_waits ina wait_started na wait_age_secs, pamoja na kweri ya anayezuia kama bado inaendeshwa. Hiyo 50 ni innodb_lock_wait_timeout, na ikifika inarudisha nyuma ile kauli moja tu, si muamala mzima, isipokuwa umewasha innodb_rollback_on_timeout. Wengi wanadhani muamala umeisha, kumbe bado unashika makufuli ya kauli zilizotangulia. Kwa picha ya jumla soma Innodb_row_lock_time_avg na Innodb_row_lock_time_max, ni milisekunde.

Ila kama ni ALTER imekwama, hiyo ni metadata lock (kufuli la muundo wa jedwali), si ya InnoDB, injini ya MySQL inayoshika makufuli ya mistari. Ukomo wake ni lock_wait_timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 31,536,000.

#39 kijana_wa_terminal
Hiyo si mwaka mzima?? 😳

#40 Dada Indeksi
Mwaka mzima.

#41 Mhunzi wa Data
Mrejesho. Nimezifuata pid za walioshika. Nyingi ni maombi ya malipo yaliyokuwa yamekaa kwenye SMS, kwa hiyo msee na Mwana wa Ngalawa wana hoja. Yule wa 38,214 alizuiwa na kazi ya makato, kama Dada Indeksi alivyohisi. Lakini kuna maombi ambayo Django inasema yalichukua sekunde 20, na kwenye logi ya PostgreSQL hayapo kabisa, si kusubiri, si kweri ndefu. Hizo 20 zimeenda wapi?

#42 msee_wa_backend
Una PgBouncer (mgawaji wa koneksheni) mbele?

#43 Mhunzi wa Data
Ipo. Puli ya koneksheni 20.

#44 msee_wa_backend
Ingia kwenye koneksheni ya usimamizi, andika SHOW POOLS, angalia cl_waiting na maxwait. Koneksheni 20 zote zikiwa zinangoja mstari wa tawi, ombi la 21 halijafika hata PostgreSQL. Halisubiri kufuli, linasubiri nafasi ya kwenda kusubiri kufuli.

#45 Fundi Diski
Au ni diski.

#46 Mzee wa Seva
Fundi, wewe hata ukichelewa harusini utasema diski.

#47 Fundi Diski
Apime tu pg_stat_activity saa ya msongamano. Akiona WALSync au WALWrite nyingi kuliko Lock, mtaniomba radhi hapahapa. Zile hazitoki kwenye log_lock_waits wala pg_locks, kwa hiyo zana mliyompa haiwezi kuniona hata nikiwa na haki.

#48 Mwana wa Ngalawa
Kwa hilo Fundi yuko sahihi. LWLock (makufuli mepesi ya ndani ya seva) nazo ni hivyohivyo, zinaonekana kwenye wait_event na kwingine hamna.

#49 Mhunzi wa Data
Nitaweka kascript ka msee kuanzia tarehe 24, kakusanye wait_event zote na si Lock peke yake, pamoja na SHOW POOLS. SMS naitoa nje ya muamala kabla ya hapo.

#50 Dada Indeksi
Ukiitoa SMS kabla ya kupima hutajua sehemu ya Fundi Diski na ya makato zilikuwa kubwa kiasi gani. Pima mshahara mmoja kwanza, kisha uitoe.

#51 Mhunzi wa Data
Dada, nikimwambia bosi nimejua tatizo ila naliacha mwezi mmoja ili nipime, nitakuwa natafuta kazi humu jukwaani.

#52 Mzee wa Seva
Itoe, kijana. Halafu panda kutoka 13, muda wake wa matengenezo uliisha Novemba 2025.

#53 kijana_wa_terminal
Nani ana hati nzuri ya pg_upgrade? Au nifungue uzi mwingine?

#54 Kunguru wa Posta
Fungua mwingine, huu umejaa.